Spika ya Baba na Sauti ya Eucabeth

Mimi, Natalie Wangare Gathogo, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya bweni ambayo sitaitaja jina kwa sababu bado nahitaji cheti chao, naandika haya nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mwalimu yeyote wa zamu. Kufikia Novemba iliyopita nilikuwa nimeandika barua kumi na moja za kuomba msamaha. Moja ilihusu tangazo lenye sahihi ya mwalimu mkuu, lililowataka wasichana wote wa bweni letu wapeleke vijiko vyao ofisini vikapimwe urefu. Vijiko mia moja na arobaini vilipelekwa. Nyingine ilihusu sauti ya naibu wake, ambayo ilisikika nje ya dirisha la maabara ikiamuru darasa zima likimbie uwanjani mara moja. Darasa lilikimbia. Naibu mwenyewe alikuwa Nakuru kwa daktari wa meno.

Hicho ndicho kipaji changu. Nikimsikiliza mtu dakika mbili, ninaondoka na sauti yake kama mtu aliyeazima kitabu. Jumamosi za burudani walinisimamisha jukwaani niwaige walimu mmoja baada ya mwingine, na ukumbi mzima ulicheka. Hata yule anayeigwa alicheka, ila yeye huchelewa kidogo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini huchelewa.

Baba ana buchari Kikopey, kando ya barabara kuu. Utaratibu wetu unajulikana. Nyama imetundikwa mbele, mteja anachagua mguu au mbavu, inapimwa, inapelekwa motoni, naye anakaa kungoja huku moshi ukimzoea. Kati ya mteja na moto kuna kaunta. Aliye kaunta ndiye anayekata, anayepima, anayeonjesha, na anayepaza sauti kuwaambia wachomaji: mbuzi kilo mbili, meza ya nne. Bila sauti hiyo, buchari ni watu wenye njaa wanaotazamana tu.

Binamu yangu Mburu alikuwa kaunta kwa miaka mitano. Novemba alitangaza kwamba kabla ya Krismasi angeondoka kwenda kufungua buchari yake Kiamunyi. Kaunta ikawa inatafuta mtu, na Auntie Eucabeth akaitaka.

Si shangazi yangu wa damu. Anatoka Kisii, na alikuja kwetu nikiwa na miaka saba. Kwa miaka tisa alisonga ugali, alikata kachumbari na kuosha sahani. Yeye ndiye aliyenifundisha kukata kitunguu bila kulia, kwa kushika funda la maji mdomoni, na ndiye aliyenifichia mifupa yenye uboho kila nilipofunga shule. Mimi nilimwita Auntie. Wafanyakazi walimwita Mkisii. Mkisii, leta sahani. Mkisii, maji yameisha. Kipngeno, mchomaji wetu mkuu, aliitwa Kipngeno. Mburu aliitwa Mburu. Nililisikia jambo hilo kila likizo kwa miaka tisa na sikuona ajabu.

Aliomba kaunta kwa adabu, asubuhi moja kabla ya wateja. Baba akamwambia atafikiria. Alipogeuka, Baba akamweleza Mburu, nami nikiwa hapo hapo nakula maini, kwamba tatizo si kazi yake, kwa kazi hana mfano. Tatizo ni kwamba watu wa kwao hukasirika haraka, na kaunta ina visu. Mteja anaweza kuogopa. Mburu akatikisa kichwa kukubali. Wakati huo huo Auntie alikuwa jikoni akikata gunia la vitunguu kwa kisu kirefu kuliko mkono wangu, kama alivyofanya kila siku, na hakuna aliyewahi kumwogopa.

Sitaki mumwone Baba kama zimwi. Yeye ni mtu wa kanisa na mtu wa mazishi ya wenzake, na mtoto wa Auntie alipougua homa ya mapafu, Baba ndiye aliyewapeleka hospitali kwa gari letu, akakesha kwenye benchi. Tena yeye mwenyewe analo jeraha. Alizaliwa Rongai. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, kabla sijazaliwa, mtu alibandika karatasi kwenye lango la babu: madoadoa waondoke. Madoadoa, yaani watu wa makabila ya kuja, walikuwa wao. Waliondoka na magodoro mawili, na nyumba ikachomwa wakiwa bado wanaiona. Ndiyo maana neno hilo halisemwi katika buchari yetu. Mbuzi mwenye madoa kwetu anaitwa mbuzi wa rangi mbili, na mfanyakazi mpya huambiwa hivyo siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo. Kipngeno aliwahi kuteleza ulimi akiwapokea mbuzi kutoka kwa mchuuzi. Baba alimrudisha nyumbani siku tatu. Hakuna aliyelalamika, hata Kipngeno.

Basi, wiki ya kwanza ya Desemba, nikiwa napita nyuma ya jikoni kwa shughuli zangu halali za kuiba chapati, nikamsikia Auntie akizungumza peke yake. Nikachungulia. Alikuwa amesimama wima mbele ya sufuria zilizopangwa, mikono juu ya meza, kama vile sufuria ni wateja.

"Karibu, boss. Mbuzi ama kondoo? Onja hii kwanza." Kisha kwa sauti kubwa: "Mbuzi kilo mbili, meza ya nne."

Akatikisa kichwa, akaanza tena. Sauti yake hupanda mwishoni mwa kila sentensi, kama mtu anayepanda kilima na mtungi kichwani. Alikuwa anajaribu kuinyoosha. Alirudia meza ya nne mara sita, kila mara akiishusha mwisho, na kila mara sauti ilipanda yenyewe. Nilisimama pale nje, chapati mkononi, nikafurahi kama mwindaji aliyemwona paa.

Lazima nieleze kuhusu spika. Kila buchari ya Kikopey ina spika juu ya paa, inayorudia maneno yale yale tangu asubuhi hadi jioni ili magari yasimame. Yetu ilikuwa na sauti ya Mburu aliyoirekodi zamani akiwa na mafua. Usiku ule nilijifunika blanketi, nikashika simu, nikatengeneza tangazo jipya. Nilitumia sauti ya Auntie, kilima na mtungi na vyote. Maneno yalikuwa haya:

"Karibuni wateja wangu! Mbuzi ni laini, kondoo ni mafuta. Msinikasirishe, mnajua kwetu tunakasirika haraka! Na wewe unayepita bila kusimama, nitakuroga, gari izime hapo mbele!"

Baba aliposikia alicheka mpaka akakaa juu ya kreti ya soda. Alifuta machozi, akasema ada ya shule haikwenda bure, akachukua mwenyewe kifaa nilichohamishia tangazo akakichomeka kwenye spika. Siku hiyo hiyo, kwa bahati ambayo hata mimi nisingeweza kuipanga, lori la viazi lilipita bila kusimama likazimika mita mia mbili mbele. Dereva alirudi kwa miguu akicheka, akaagiza mbavu, akasema yeye hataki vita na mama wa spika. Habari ilienea kwa madereva wote kabla ya jua kutua.

Auntie alitoka jikoni mara ya kwanza iliposikika. Mikono yake ilikuwa na povu. Alitazama juu kwenye spika kama mtu anayetazama wingu, akasikiliza mpaka mwisho. Sote tulikuwa tunamtazama. Kisha akacheka. Alichelewa kidogo.

Siku ya tatu aliniita pembeni, karibu na tangi la maji. Hakuwa na hasira. Alisema nimeimudu sauti yake, hata mwanawe angedanganyika. Hayo ya kukasirika alisema niyaache, ameshayazoea. Aliomba kitu kimoja tu, niondoe lile neno la kuroga. Ilikuwa kazi ya dakika mbili kwenye simu.

Mimi, badala ya kutumia dakika mbili, nilitoa hotuba. Shuleni niko katika kikundi cha mdahalo, na muhula uliopita tulishinda kombe kwa hoja ya uhuru wa kujieleza. Nilimsomea Auntie Ibara ya Thelathini na Tatu ya Katiba, kwa kichwa, mkono mmoja kifuani. Nilimwambia kwamba mzaha ukianza kuondolewa neno moja moja, mwisho tutabaki na kikohozi tu. Ibara hiyo ina sehemu ya pili, inayotaja maneno ambayo uhuru huo hauyafikii. Sikuwa nimeisoma. Mdahalo haukuihitaji.

Auntie alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia, kwa ukarimu mwingi, kwamba uamuzi ni wa Baba, amwombe yeye. Kwa kweli nilitaka neno libaki. Kulikuwa na video ya tangazo hilo mtandaoni tayari, na watu elfu arobaini walikuwa wameitazama.

Alimwendea Baba kesho yake wakati wa chai ya saa nne, sisi sote tukiwa hapo. Alikausha mikono, akasimama mbele ya meza.

"Mzee, hapa kuna neno halisemwi."

Baba aliweka kikombe chini.

"Mimi sijawahi kuuliza ni kwa nini. Niliambiwa siku ya kwanza, nikashika. Naomba hili la kuroga pia lisisemwe. Hayo mengine wacha yakae."

Kipngeno alitazama chai yake. Nilidhani atakubali, kwa sababu uso wake ulikuwa umeenda mbali, huko Rongai. Halafu ukarudi.

"Hiyo ni tofauti, Eucabeth," akasema, tena kwa upole. "Lile neno lilichoma nyumba. Hii ni mzaha ya mtoto. Watu wanacheka, wanakula. Si hata wewe ulicheka?"

"Nilicheka."

"Sasa?"

Alikusanya vikombe vyetu, hata cha Kipngeno ambacho kilikuwa bado na chai nusu, akarudi jikoni.

Baada ya hapo aliacha kuzungumza. Hakununa, na kazi haikupungua hata kidogo. Ila maneno yalikwisha. Ukimwuliza chumvi iko wapi, alionyesha kwa kidole. Ukimsalimia, aliinua mkono. Alikuwa na sababu. Kila alipofungua mdomo, mtu mmoja katika wale wahudumu alimalizia kwa sauti ya spika, na wengine wakaangua kicheko. Alisema maji, wakasema maji, na kilima chake. Hata mazoezi ya mbele ya sufuria yalikoma. Najua kwa sababu nilipita nyuma ya jikoni mara nyingi, na sikusikia kitu ila kisu juu ya ubao. Kipngeno peke yake hakumwiga. Siku moja akigeuza nyama aliniambia, bila kunitazama, kwamba mimi ni msichana mwerevu sana na inatosha sasa. Nilimjibu kwa sauti yake mwenyewe. Akacheka, akichelewa.

Katikati ya Desemba Mburu aliondoka, na magari ya likizo yakaanza kushuka kutoka Nairobi. Watu walishuka wakiuliza swali moja. Mchawi ako wapi? Walitaka kumwona. Walitaka kupiga picha. Baba aliwaza siku mbili, kisha akamwita Auntie na kumpa koti jeupe la kaunta, jipya, likiwa bado na mikunjo ya dukani. Alimwambia kwamba aliomba kaunta na sasa kaunta ni yake. Lakini wateja wakimwomba aseme ile ya spika, awasemee. Ni kufurahisha watu tu.

Auntie alishika lile koti kwa mikono miwili. Maneno yaliyofuata yalikuwa ya kwanza kumsikia akisema wiki nzima. "Nitakata nyama vizuri," alisema.

Baba alichukua hilo kuwa ndiyo. Mimi pia.

Jumamosi kabla ya Krismasi alifika mapema kuliko wachomaji. Koti alikuwa amelipiga pasi mpaka mikono imesimama. Alinoa visu vyote vitatu, akafuta mizani, akapanga miguu ya mbuzi kwa ukubwa. Na alikuwa hodari. Mburu hukata kama mtu anayegombana na mfupa, lakini Auntie aliingiza kisu kwenye kiungo na mguu ukaachia wenyewe. Mteja wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa letu, ambaye hatazami mambo ya mtandao. Auntie alimwonjesha, akampimia, akavuta pumzi, akapaza sauti.

"Kondoo kilo moja, meza ya kwanza."

Mwisho wake ulipanda. Kipngeno akaitikia kutoka kwenye moto kama ambavyo angemwitikia mtu yeyote. Nilimwona Auntie akitabasamu, akiangalia chini kwenye mizani ili tusimwone. Wateja saba au wanane walipita hivyo. Saa moja hivi. Mpaka leo naihesabu saa hiyo kuwa yake.

Kisha lilikuja gari la watu sita, vijana wa mjini, wakicheka tangu mlangoni. Aliyetangulia alikuwa na kofia na simu tayari imeinuliwa. Alichagua mguu mkubwa, akausifu, akauliza kama yeye ndiye yule mchawi wa spika. Auntie aliweka mguu kwenye mizani.

"Si useme ile, mathe," kijana akasema. "Mara moja tu. Tumetoka nayo Nairobi."

Auntie alikata. Wale vijana wengine nao wakainua simu. Sema, mathe. Sema. Watu wa meza za nyuma waligeuka, wengine wakasimama waone. Juu yetu spika ilikuwa ikiendelea, sauti ile ile, sauti yangu, ikiwaambia wasafiri kwamba mbuzi ni laini. Baba akaita kutoka mezani pake, kwa furaha, kwamba wateja wanangoja.

Auntie aliweka kisu chini. Alikilaza mbali na mkono wake, mahali ambapo kila mtu angekiona. Hakupaza sauti.

"Mama yangu aliitwa hivyo, mchawi," alisema. "Walikuwa wanamtania kwa foleni ya mashine ya kusaga unga. Hata yeye alikuwa anacheka. Mwaka mzima wakitania. Halafu siku moja, saa nne asubuhi, wakakuja na petroli." Alinyoosha karatasi ya kufungia nyama. "Mimi nilikuwa hapa. Nilikuwa naosha sahani."

Alichukua kisu tena.

"Yako ni kilo mbili na nusu, boss. Tuchome yote ama utabeba ingine?"

Kijana alishusha simu. Hakujua aiweke wapi. Katika meza ya karibu mtoto aliuliza petroli ya nini, na mamake akamwambia ale. Hapo juu spika ikafika mahali pake: na wewe unayepita bila kusimama. Ikamaliza sentensi yote, nasi tukaisikiliza yote, maana hapakuwa na sauti nyingine. Wale sita waliondoka wakiacha mguu kwenye mizani. Meza mbili zaidi zikaomba kufungiwa nyama ikiwa haijaiva.

Baba alimpeleka karibu na tangi la maji. Niliwafuata nikasimama nyuma ya tangi. Hakumgombeza. Alisema anampa pole kwa mama yake, angekuwa amejua mapema mambo yangekuwa mengine. Lakini watu wamekuja kula, hawakuja matangani. Kila jambo lina mahali pake pa kusemwa.

"Na hili langu mahali pake ni wapi, Mzee?" Auntie aliuliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Baba akamwambia apumzike mpaka mwaka mpya, atampigia. Auntie alivua koti jeupe, akalikunja kwa kufuata mikunjo ile ile ya dukani, akaliweka juu ya tangi. Alivuka barabara akasimama upande wa kwenda Gilgil. Nilipanda juu ya pipa nikang'oa kile kifaa kwenye spika. Hakuna aliyenizuia.

Jioni nyumbani Baba aliniuliza kama nilijua. Nikasema sikujua. "Hata mimi," akasema. Tulikuwa tunakumbuka kitu kimoja, nina hakika, ingawa hakuna aliyekitaja. Miaka sita iliyopita Auntie aliomba siku nne kwenda kumzika mama yake. Sote tulimpa mkono wa pole, na Mama akampa leso nyeusi. Alirudi siku ya tano akaosha sahani. Hakuna aliyemwuliza mama yake alikufa kwa nini.

Siku zilizofuata nilimwomba Baba amrudishe. Nilimwomba kwa heshima, nikamwomba kwa machozi, nikafika hata kumwandikia barua. Hakukataa. Alisema tu, "Nitamwangalia na uso gani?" na kila siku uso ukawa mgumu zaidi kupatikana. Baada ya Krismasi aliajiri kijana mmoja wa Gilgil kwa kaunta. Kijana huyo anakata kama Mburu.

Nami nikagundua kwamba kung'oa kifaa kimoja si kitu. Buchari mbili jirani zilikuwa zimenakili tangazo langu wiki iliyotangulia, na mwuza viatu wa soko la Gilgil alikuwa ameunganisha mwisho wake na bei za raba. Nilikwenda kwa kila mmoja kwa miguu. Nilieleza kila kitu. Yule wa buchari ya kwanza alinisikiliza akiwa ameshika kiuno, akasema pole sana, lakini biashara ni mwezi huu. Wa pili alisema sauti iko hewani na hewa haina mwenyewe. Mwuza viatu aliniambia kwamba hii ni nchi huru, mrembo, kila mtu anasema anachotaka. Alikuwa na haki ya kunishangaa nilipoanza kulia, maana hoja ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeishindia kombe.

Siku nne kabla ya shule kufunguliwa nilikwenda kwa Auntie. Anaishi Gilgil, chumba kimoja nyuma ya duka la cherehani. Ilikuwa adhuhuri. Mwanawe, aliye Kidato cha Kwanza, ndiye aliyefungua. Alinitambua. Alivaa viatu akatoka bila kunigusa hata kwa bega, na mlango mwembamba ule.

Auntie alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe kwenye ungo. Alinionyesha kitanda nikae. Njiani nilikuwa nimeandaa maneno, kwa kuwa barua ya kuomba msamaha ina muundo wake na hakuna anayeujua kunishinda: unakiri kosa, unajutia kosa, unaahidi. Nilikiri. Nilipofika kwenye kujuta, maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa yale niliyomwandikia mwalimu mkuu kuhusu vijiko. Nikaishia hapo.

"Mlitoa ile ya spika?" aliuliza.

"Tulitoa."

"Kwa wote?"

"Kwa yetu tu. Wengine wamekataa."

Alitikisa kichwa, akatoa jiwe dogo katikati ya maharagwe, akalitupa nje. Aliniuliza Kipngeno hajambo. Nikasema hajambo, na kwamba anamsalimia, jambo ambalo lilikuwa kweli. Maharagwe yaliendelea kuhama kutoka upande mmoja wa ungo kwenda mwingine.

"Ile siku ulinisikia jikoni," akasema. "Kabla hujaweka yako."

Nikasema ndiyo.

"Sema hiyo. Vile nilisema."

Nikamwambia siwezi. Nilimwambia nimeapa sitamwiga tena mtu yeyote. Alingoja tu, mikono imetulia juu ya ungo, na nikaona kwamba kiapo changu hakikumhusu. Basi nikatazama ukuta nikasema kwa sauti yake, bila kuongeza kitu: "Karibu, boss. Mbuzi ama kondoo? Onja hii kwanza. Mbuzi kilo mbili, meza ya nne."

Alisikiliza kama mtu anayeonja mchuzi kujua kama chumvi imekolea. Akaniomba nirudie ile ya mwisho. Nikarudia.

"Ilikuwa sawa," akasema. "Ningeweza."

Akaendelea kuchambua. Baadaye akaniambia nirudi nyumbani kabla mvua haijanyesha, na nikitoka nisifunge mlango, mwanawe hakubeba ufunguo.